Picha Niliyopigwa Nimefumba Macho

Haya nimeyaandika kwa mkono wangu. Herufi zangu ni kubwa na zinasukumana kama ng'ombe kwenye lambo, lakini ni zangu. Mara ya mwisho nilipomwachia mtu mwingine aniandike, nilifanywa ombaomba mbele ya dunia, kwa lugha nisiyoijua, huku mimi nimekaa zangu hapa Machochwe nakunywa maziwa ya ng'ombe wangu mwenyewe.

Shule niliacha darasa la tatu. Baba alisema ng'ombe hawajui kusoma ila wanajua kupotea, akanipa fimbo. Nilipokuwa kijana nilifyatua matofali ya watu, nikachoma matofali ya watu, mpaka nikaanza kufyatua ya kwangu. Nyumba ninayolala ni ya matofali hayo. Hakuna aliyenishika mkono. Sijawahi kwenda kwa jirani na bakuli, na mwaka wa njaa watu ndio walikuja kwangu na mabakuli yao. Hilo ndilo jina langu hapa. Sina cheti ukutani, sina cheo serikalini. Nina hilo tu, kwamba yule mzee hajawahi kuomba.

Mchungaji wetu si mtu wa huku. Alitoka mikoa ya kusini, akafikia kwanza Nyamongo pamoja na vijana wanaofuata dhahabu, akawa anawahubiria kwenye vibanda vyao. Kutoka huko akaletwa kwetu na begi moja. Sisi wakati huo tulikuwa tunasali chini ya turubai. Nikatoa kiwanja, kanisa likajengwa. Nikampa chumba kwenye nyumba ya wanangu ambao wameshahama, na alipooa nikampa ng'ombe wa kukamua. Huku kwetu mtu hapewi ng'ombe wa kukamua kama hajawa wa nyumbani. Nasema hili mapema ili msomaji ajue nilikuwa namhesabu kuwa nani.

Siku moja baada ya ibada akatuambia tubaki. Akasema anataka kanisa liwe na blogu.

Mama mmoja wa kwaya akauliza, "Mchungaji, hiyo blogu ni redio au ni gazeti?"

"Ni gazeti lisilo na karatasi, mama. Linasomwa kwenye simu."

"Na sisi ambao simu zetu ni za tochi?"

Watu wakacheka. Akainuka mzee mwenzangu, tuliyetahiriwa naye msimu mmoja, ambaye mpaka leo mimi namwita rika na yeye ananiita rika. Akasema, "Simu zimeshaharibu watoto. Sasa mnataka ziharibu na wazee."

Mimi ndiye niliyesimama kuitetea. Nataka hilo lijulikane. Nilimwambia, "Rika, ng'ombe wakiibwa unafanyaje? Si unapiga yowe? Anayesikia ng'ambo ya bonde anapiga lake, wa kule mbele naye anapiga lake, mpaka watu usiowajua wanakimbia na mikuki kwa ajili ya ng'ombe wako. Sasa huyu anatuletea yowe linalofika Dar es Salaam, wewe unaleta habari za kuharibika. Umebaki na nini cha kuharibika wewe?"

Kanisa likapiga makofi, blogu ikapita.

Na ilileta faida, siwezi kudanganya kwa sababu nimekasirika. Tembo wakitoka hifadhini na kuingia kwenye mahindi, asubuhi habari ipo, kwamba wamepitia upande huu, wanawake wasije kwenye maombi peke yao. Mtu akifa, watoto wake walioko Mwanza wanajua kabla mwili haujaoshwa. Mwenzetu aliyelala kitandani kwa kiharusi alikuwa anafunguliwa mahubiri kwenye simu na binti yake, akisikia kikohozi changu kwenye ile sauti iliyorekodiwa anasema, "Huyo mzee bado yupo tu." Kuna mtoto wa jirani alipotelea machimboni miaka mingi, mama yake alikuwa ameacha hata kumtaja. Huko aliko akaona picha ya mama yake anafagia kanisa, mgongo umepinda. Alirudi na godoro kichwani, akapita katikati ya kijiji hasalimii mtu mpaka akafika kwa mama yake. Hiyo ni blogu. Kama isingekuwepo, yule mama angekufa bila kumwona mwanawe.

Nami nilipewa sehemu yangu. Iliitwa "Mzee Anasema." Katibu wa kanisa, mwalimu wa shule ya msingi ambaye ni kama binti yetu, alikuwa anakuja nyumbani na simu yake. Mimi nasema, yeye anaandika, halafu ananisomea. Nilisema juu ya wanaume wanaouza mavuno yote na kuoa mke mwingine kabla ghala halijafagiliwa. Nilisema juu ya vijana wanaoogopa jembe lakini hawaogopi kushuka shimoni. Watu wa mbali walijibu. Mmoja aliandika kwamba huyu mzee apewe ubunge.

Katibu aliposoma hilo, mke wangu alikuwa anapepeta ulezi pale mlangoni. Akasema, "Wampe tu. Hawajalala naye chumba kimoja wakasikia anavyokoroma."

Hakujua kusoma, lakini kila wiki alidai asomewe. Akiona nimesema uongo kidogo anamwambia katibu, "Futa hapo, mwanangu, hapo amejisifu."

Aliugua tumbo. Tulimpeleka hospitali Mugumu, akalazwa, akarudi, akalazwa tena. Akafa. Sitaandika zaidi ya hapo juu ya hilo.

Nitaandika juu ya msiba, kwa sababu ndipo jambo hili lilipoanzia. Kwetu ukifiwa na mkeo hukai kwenye kiti. Unanyolewa kichwa. Unavua viatu na nguo nzuri, unajifunika blanketi lililochakaa, unakaa chini karibu na moto ulioko uani, na wanaume wote wanalala hapo nje mpaka siku zitimie. Chakula kinapikwa kingi na unaletewa, hukili, au unamega kidogo ili wanawake wasilie zaidi. Majivu yanakupata, huyapangusi. Mtu asiyetujua akipita anaweza kudhani amekuta maskini wa mwisho duniani. Lakini mchungaji alikuwa anatujua. Alikuwa amelala pale pale uani, kwenye moto ule ule, katika misiba mingi.

Asubuhi moja baada ya mazishi alikuja akachuchumaa mbele yangu. Watu wengine walikuwa wamekwenda kunawa. Akasema, "Baba, tufumbe macho tuombe." Nikafumba. Mikono yangu nikaiacha wazi hivi, juu ya magoti, maana nilikuwa sina nguvu ya kuikunja. Aliomba kwa muda mrefu, sauti inamtetemeka, na mimi nikalia, jambo ambalo sikuwa nimelifanya hata siku ya kaburi. Moyoni nikasema, huyu amekuwa mwanangu kweli.

Msimu uliofuata likaja tangi kubwa la kuvuna maji ya mvua, na bati jipya la kanisa. Wanawake walipiga vigelegele mpaka ndama wakakimbia. Maji yetu yalikuwa ya kufuata mbali, na kiangazi unagombania dimbwi na mifugo. Nikamuuliza mchungaji nani ametoa. Akasema, "Marafiki wa ng'ambo, mzee. Wanasoma blogu yetu upande wa Kiingereza."

Sikujua kama ilikuwa na upande wa Kiingereza. Lakini nilifurahi. Nilimwendea rika nikamgonga begani. "Umeona yowe?"

"Nimeliona," akasema. "Sasa usitutangazie kwamba ulilipiga wewe."

Nilitangaza. Kila niliyekutana naye nilimtangazia.

Halafu mjukuu wangu akapiga simu. Yuko Mwanza, anasomea uuguzi. Tangu utotoni ananitania kuwa ni mke wangu mdogo, nami namtania hivyo hivyo.

"Shikamoo, mume wangu."

"Marahaba, mke mdogo. Mbona sauti hiyo?"

"Babu, leo umekula nini?"

"Ugali wa mtama na maziwa mgando. Kwani unataka kupika ukiwa huko?"

"Babu, usinidanganye."

"Nikudanganye chakula? Nimekuwa mtoto?"

Akaanza kulia. Akaniambia mwenzake wa chuoni amemwonyesha kitu kwenye simu, akamuuliza, hiki si kijiji chenu? Ilikuwa picha yangu. Nimekaa chini, nimenyolewa, blanketi limetoboka begani, majivu mpaka kwenye nyusi, mikono wazi juu ya magoti kama mtu anayeomba awekewe kitu. Chini yake maneno ya Kiingereza. Nikamwambia asome moja moja kwa Kiswahili, asiruke.

Akasoma. "Mzee huyu hana kitu. Mke wake amekufa kwa kukosa chakula na maji salama. Hana pa kulala, analala nje. Kanisa letu dogo ndilo linamlisha."

"Rudia hapo kwa mke."

Akarudia.

"Babu," akasema, "mimi ninakula vizuri hapa kumbe nyinyi mnakufa njaa na mnanificha? Bibi alikufa hivyo? Nimeshawaambia chuoni kwamba naacha. Nakuja kufanya kazi, nikulishe."

Nilisimama. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu barazani, mbele yangu ghala limejaa, nyuma yangu nyumba. Nikamwambia, "Sikiliza. Nenda sasa hivi ukawaambie umekosea, huachi. Bibi yako alikufa kwa ugonjwa, na siku anazikwa tulichinja, watu wakasaza. Ukiacha chuo kwa sababu ya picha, utakuwa umemsadiki mtu mwingine kuliko mimi niliyekulea."

Akauliza, "Babu, kwenye picha macho yako yamefumba. Ulikuwa umelala?"

Hapo ndipo nilipojua ilipigwa lini.

Sikwenda kwa mchungaji siku ile, maana nilikuwa nimeshika fimbo. Nilikwenda kesho yake, nimeiacha nyumbani. Nilimkuta anakamua yule ng'ombe niliyempa. Nikamwambia amalize kwanza, maziwa hayana kosa.

Tulipokaa nikamuuliza, "Siku ile ulisema tufumbe macho. Mimi nilifumba. Wewe?"

Hakujifanya kutoelewa. Hilo nampa. Alitazama ndoo yake.

"Mzee, niliandika ukweli muda mrefu," akasema. "Niliandika kwaya, wakasema nzuri. Niliandika mavuno, wakasema Mungu ni mwema. Niliandika hekima zako, nikazitafsiri mimi mwenyewe, wakasema mna mzee mzuri. Hakuna aliyeuliza mnakunywa nini. Nilipoweka picha ile, walijibu siku hiyo hiyo."

"Ungepiga yako."

"Mimi sikuwa nimefiwa."

"Na mimi nilifiwa, sikufilisika! Nani ananilisha? Kanisa? Kanisa limekaa juu ya kiwanja cha nani? Hayo maziwa hapo ya nani?"

"Najua, baba."

"Usiniite baba. Umeandika mke wangu amekufa njaa. Unajua kwao ni wapi? Ni Gorong'a. Mashemeji zangu wana watoto waliosoma. Wakisikia kwamba dada yao niliyemtolea ng'ombe alikufa njaa nyumbani kwangu, watakuja hapa kuniuliza, na mimi nitawajibu nini? Kwamba ni Kiingereza tu?"

Akasema ataiondoa. Lakini si sasa. Wale marafiki walikuwa njiani kuja kuliona tangi, na katika ratiba yao walikuwa wameomba wapelekwe kwa mzee wa kwenye picha. Halafu akasema lile neno ambalo nikilikumbuka hata leo masikio yanapata moto.

"Mzee, wakija, ukae tu kawaida. Ila kama inawezekana, lile koti lako usilivae."

Nilidhani wazee wenzangu wa kanisa wangeona nilichokiona. Nikawaita, nikawaeleza kila kitu. Walitazamana, kisha rika akasema kwa niaba yao, maana walijua yeye ndiye siwezi kumfukuza.

"Rika, picha ni picha. Umepungua nini? Maji tunakunywa, wewe mwenyewe unakunywa."

"Yowe la uongo linatozwa nini?"

"Usilete hayo."

"Nauliza. Mtu akipiga yowe, watu wakakimbia, wakakuta hakuna ng'ombe aliyeibwa, anatozwa nini?"

"Dume," akasema. "Linaliwa na waliokimbia. Na anasimama mwenyewe mbele yao anasema hakuna kilichoibwa."

"Basi."

"Hao ni Wazungu, si watu wa ng'ambo ya bonde. Watalichukua tangi lao, na wanawake watarudi dimbwini, watasema ni wewe. Kiburi chako hicho, tangu jandoni! Wenzako wanaugulia maumivu, wewe unatazama nani anakutazama."

Wengine wakacheka kidogo. Sikucheka. Hawa nimewazikia wazazi wao. Mchungaji angalau alikuja na begi kutoka mbali. Hawa nimetoka nao tope moja. Niliondoka pale nikiwa nimeelewa kwamba picha ile ilipigwa na mtu mmoja, lakini walioishikilia ni wengi.

Nilimpigia mjukuu. Alikuwa hajaacha chuo, lakini alisema bado usingizi haumjii, kila akifumba macho ananiona chini. Nikamwambia aombe ruhusa aje siku ya wageni, nina kazi ya ulimi wake.

Mchungaji alikuwa hana nia ya kulipa lile dume. Nikalitoa mimi. Lilikuwa jekundu, shingo nene, nilikuwa nimelitunza. Nilitozwa kwa yowe la mtu mwingine, lakini waliokimbia wamekimbia, hawawezi kurudi na njaa.

Siku ile nilioga. Nikavaa koti, kofia, viatu vilivyopakwa rangi, nikakaa kwenye kiti changu mbele ya mlango. Nyama inachemka nyuma, majirani wamejaa, rika naye amekuja kwa sababu ya harufu. Gari likasimama. Wakashuka mama mmoja wa makamo mwenye kofia ya jua na mumewe mrefu, na mchungaji mbele yao. Mama alikuwa amekumbatia mfuko wa unga na blanketi jipya. Akanisalimia kwa Kiswahili alichofundishwa, "Shikamoo," nami nikaitikia. Akatabasamu, kisha akaanza kutazama nyuma yangu, kwenye kona za uwanja. Mjukuu akanong'ona, "Babu, anauliza yule mzee yuko wapi."

Nikamgeukia mchungaji. "Waambie karibuni. Waambie wanayemtafuta ni mimi. Siku ile nilikuwa nimetoka kumzika mke wangu. Kwetu tukizika tunanyoa kichwa, tunakaa chini, tunalala nje. Haikuwa njaa. Ilikuwa heshima yake. Hakufa njaa, aliugua. Na mimi kanisa halinilishi."

Mchungaji akasema kitu. Mama akatabasamu tena na kutikisa kichwa kwa huruma. Mimi Kiingereza sikijui lakini urefu naujua. Ng'ombe mzima alikuwa ameingia kwenye mdomo wa yule mtu, ukatoka mkia.

Mjukuu akasogea. "Samahani, mchungaji. Sivyo alivyosema babu."

Akawaambia. Alianza na sauti ndogo, ikakua. Mimi nilikuwa namtazama yule mama. Tabasamu lilimtoka polepole. Akatoa simu, akaitazama, akanitazama, akaitazama tena. Ule mfuko wa unga akawa hajui auweke wapi, ameushika kama mtu aliyeachiwa mtoto wa mwenzake.

"Mwambie aulete," nikasema. "Tutausonga sasa hivi, waule wao."

Mjukuu alipotafsiri, mumewe alicheka kwa mshtuko, akavua kofia. Lakini mama hakucheka. Aliuliza swali, na mjukuu akachelewa kidogo kunipa.

"Anauliza, bibi alikuwa mtu wa namna gani?"

Tangu msiba hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Mchungaji hakuniuliza. Rika hakuniuliza.

"Mwambie alikuwa mkali," nikasema. "Na nikijisifu, alikuwa anaamuru wafute."

Tulikula. Kabla hawajanawa nikasimama, nikasema mbele ya watu wote, "Mchungaji, hawa ndio walioitikia yowe lako. Dume nimelitoa mimi. Lililobaki ni lako. Simama uwaambie."

Alisimama. Nilimwonea huruma, nakiri, alivyokuwa ameloa jasho. Akanitazama mimi, si wageni, akasema kwa Kiswahili, "Mzee, tusamehe." Halafu akakaa.

Nilingoja. Hakuongeza. Wale wageni walikuwa wanamtazama, hawajui amesema nini, na aliyewaambia ukweli alibaki kuwa mtoto wa kike wa chuo. Mpaka leo yowe lile halijakanushwa na aliyelipiga.

Rika akajisogeza karibu yangu, anachokonoa meno. "Nyama ilikuwa laini," akasema. "Sasa tuombe Mungu wasing'oe tangi."

Hawakung'oa. Waliaga vizuri, yule mama alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Jioni ile picha iliondolewa, na mjukuu akaandika habari mpya kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, nimekaa kwenye kiti na koti langu, akaeleza msiba wetu ulivyo. Shemeji yangu wa Gorong'a alinipigia baada ya hapo. Kumbe walikuwa wameshaona ile ya kwanza, na walikuwa wanapanga siku ya kuja. Alisema, "Tumesoma, shemeji. Hatuji tena kwa lile. Tutakuja kwa salamu." Mjukuu alirudi chuoni, na sasa anapopiga simu haniulizi nimekula nini. Ananiuliza nimemsumbua nani.

Lakini yowe likishatoka mdomoni halirudi. Mjukuu ameniambia ile picha imechukuliwa na watu wengine, ameikuta kwenye blogu ya kanisa la mbali tusilolijua kabisa. Huko mimi ni mzee wa nchi nyingine. Na bado nina njaa.

Watu waliniambia nimnyang'anye mchungaji ng'ombe. Sikumnyang'anya, watoto wake wanakunywa yale maziwa. Wakaniambia nihame kanisa. Nihamie wapi, na kiwanja ni mimi niliyekitoa? Blogu nayo sijaikataa. Juzi tu imemwita kijana kutoka Nyamongo akawahi kumshika baba yake mkono kabla hajakata roho. Jembe likikukata mguu hulitupi, unamtazama aliyekuwa analishika. Katibu amekuja kuniomba "Mzee Anasema" irudi. Nimemwambia nitafikiri, na kama nikikubali, kila neno nitasomewa pande zote mbili, na mjukuu wangu akiwa kwenye simu anasikiliza.

Maji ya tangi nayanywa. Ni matamu. Wanawake wakija na ndoo wananisalimia kwa adabu, na mimi naitikia, na hakuna anayesema chochote.

Jumapili nakwenda kama zamani, nakaa benchi la mbele. Mchungaji anahubiri vizuri, Mungu hakumnyima mdomo. Ikifika wakati wa maombi anasema tufumbe macho, na kanisa zima linainama, rika naye, vichwa vyote chini. Mimi nabaki nimeyafungua. Namtazama mikono. Na yeye, katikati ya maombi, huwa anayafumbua kidogo kuangalia kama bado namtazama.